Mipira Themanini Katikati

Jumatatu, 4 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unajua tunavyomaliza: mmoja anamkatia mwenzake, kisha mama anapelekewa kesi. Gari la kiwanda linapita huko kwenu kila Jumatatu na kila Alhamisi. Utasoma, utapumua, ndipo ujibu.

Ndani ya boksi kuna fimbo ya gofu. Ndiyo hiyo niliyokuchosha nayo masikio miaka mitatu. Ni haibridi kama hizo ulizo nazo, ya katikati, si ya kichwa kinene wala si ya chuma chembamba. Tofauti yake iko shingoni, pale kichwa kinapoungana na mpini. Hapo kuna pete. Ukilegeza skrubu kwa hiyo spana ndogo niliyoifunga kwa utepe, unaizungusha kutoka sifuri hadi tatu. Sifuri ni fimbo ya kawaida. Kila namba unayopanda, uso wa fimbo unageukia kushoto kidogo, na mpira unatakiwa uende kushoto zaidi kwa hatua kama saba. Kuna watu chungu nzima ambao mipira yao inakwenda kulia wapende wasipende. Pete hii ni yao.

Ule mkono wa chuma tunaopigishia mipira kiwandani umekufa tangu mwaka jana, na hakuna anayeutengeneza. Namjua binadamu mmoja tu anayeweza kurudia pigo lile lile mara themanini, naye ni wewe. Piga mipira ishirini kwa kila namba. Andika kila mpira umeangukia hatua ngapi kutoka kwenye mstari wa bendera, kulia au kushoto. Basi.

Meneja wetu, tunayemwita Haitauzika kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kwa kila kitu, ataamua Ijumaa tarehe 5 Juni. Fomu ikionyesha kwamba namba zinatofautiana, fimbo inaingia kazini. Isipoonyesha, michoro yangu inafungiwa kabatini na mimi narudi kwenye meza ya kubandika vishikio, nilikotoka. Kaka, nimekwisha kuvuta gundi ya kutosha maishani.

Msalimie sana wifi.

Mdogo wako,
Spana


Alhamisi, 7 Mei

Fundi Spana,

Marahaba. Ulivyoandika ni kama mimi sijawahi kushika fimbo, lakini nimekusamehe, ni wasiwasi.

Tega sikio. Sifuri: mipira ishirini, yote katikati. Moja: katikati. Mbili: katikati. Tatu: katikati, na mmoja umeigonga bendera yenyewe hadi ikaangusha kitambaa. Mipira themanini mwanangu! Wanafunzi wangu wa saa nne walisimama nyuma wakapiga makofi. Karani mmoja wa benki, ambaye mipira yake hunipa kazi ya kuingia kwenye ua wa miba kila wiki, aliuliza fimbo hiyo inapatikana wapi.

Fomu hiyo hapo, nimeijaza kwa kalamu nzuri. Fimbo nairudisha. Mwambie huyo Haitauzika wako aanze kuitengeneza kesho, maana fimbo isiyokosea kwa namba yoyote sijaiona tangu nianze kufundisha.

Umetuheshimisha.

Kaka yako,
Mwalimu


Jumatatu, 11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Fomu yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, nikatoka nje.

Sikukuomba uunyooshe mpira. Nilikuomba uniambie unakwenda wapi! Kama namba zote nne zinakwenda katikati, basi pete haifanyi chochote. Kwako ni sifa, kwangu ni msiba. Haitauzika aliikwapua fomu mezani kwangu kabla sijaificha, akacheka mpaka miwani ikamponyoka. "Umetengeneza pete ya harusi," akasema, mbele ya mafundi wote. Hadi leo nikipita wananipigia vigelegele.

Nina wazo moja tu, na usikasirike. Nadhani hukuizungusha. Ulilegeza skrubu, ukaigusa pete, ukakaza tena pale pale. Safari hii nimeweka nukta ya rangi ya kucha kwenye kila namba. Nukta ya pete ikutane na nukta ya shingo, kisha ukaze mpaka spana ilie "ta!" Usiposikia "ta," hujakaza. Nakuomba kama mtu mzima mwenzangu, soma aya hii mara mbili.

Spana


Alhamisi, 14 Mei

Spana,

Marahaba, japo shikamoo yako nimeiona ilivyonuna.

Miaka ishirini na sita nafundisha gofu. Nimewafundisha mahakimu, nimewafundisha watu wasiojua kushoto kwao ni wapi, leo mdogo wangu niliyemfunga kamba za viatu ananifundisha kukaza skrubu. Nimeizungusha. Nimekutanisha nukta na nukta kama mtoto wa chekechea. Imelia "ta" mara zote nne, hata mzee anayekata nyasi ameisikia. Nimepiga themanini nyingine. Mitatu imepotoka hatua mbili mbili kwa sababu ya upepo. Iliyobaki, katikati.

Sasa nikuambie ukweli ambao watu wa kiwandani wanaogopa kukuambia. Pete yako ni pambo. Inazunguka vizuri, inalia vizuri, inang'aa, wala haiusogezi mpira hata kidogo. Nimesikitika kuliko unavyodhani, kwa sababu nilitaka ifanye kazi. Lakini siwezi kukuvika kilemba cha ukoka.

Na usinipandishie sauti kwenye karatasi tena.

Mwalimu

Wifi yako anasalimu. Yuko hapa na ndoo ya maji ya moto, ananikanda mkono. Mipira mia na sitini si mchezo kwa umri huu, hakuna sababu nyingine.


Jumatatu, 18 Mei

Kaka,

Ijumaa nzima nimeshinda karakana ya vipimo. Nimeibana fimbo uliyoirudisha kwenye jiriwa, nimeiwekea kipimo cha pembe, nimepima kila namba mara kumi. Uso unageuka! Unageuka kama ulivyochorwa, namba baada ya namba, bila kupungua wala kuzidi. Chuma hakina sababu ya kunidanganya.

Kwa hiyo nabaki na swali ambalo sikutaka kuliuliza. Ulipiga kweli? Au ulikaa kivulini na chai yako ukajaza fomu, kwa kuwa Mwalimu hawezi kuonekana amekosea hata kwenye jaribio la fimbo ya mtu mwingine?

Naituma mara ya tatu. Zimebaki wiki mbili na siku chache, na maji yamenifika shingoni. Piga, au niambie huwezi nitafute mtu mwingine.

Spana


Jumatano, 20 Mei

Wifi yangu,

Salama? Mimi nakuandikia kwa siri, na dereva wa gari nimemwambia akukabidhi mkononi.

Barua yako ya mwisho kaka yako aliisoma, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akatoka bila kunywa chai. Jana asubuhi akaenda uwanjani kupiga tena. Nami nikafunga cherehani, nikamfuata na chupa ya chai, nikakaa benchi la nyuma. Nataka ujue kwamba alipiga yote themanini, nilihesabu mimi. Kwa hiyo lile la kukaa kivulini ulifute, wifi. Lilimchoma.

Gofu siijui. Lakini mimi ni fundi nguo, najua mtu aliyesimama wima na mtu aliyesimama upande. Kila alipobadilisha namba, aliishusha fimbo nyuma ya mpira, akaitazama usoni kwa muda, halafu akaanza kuchezesha miguu. Huu mbele kidogo, ule nyuma kidogo, bega likafuata. Ndipo akapiga, na mpira ukaenda kwenye bendera. Akibadilisha namba, miguu nayo inabadilika. Nilimuuliza kwa nini anasimama tofauti kila mara. Akasema, "Nasimama kama ninavyosimama siku zote." Hakuwa ananidanganya. Hajui kama anafanya hivyo.

Lile zulia la mpira analosimamia lina vumbi, na viatu vyake vinaacha alama. Kila alipomaliza namba moja na kwenda kuokota mipira, nilitandika karatasi yangu ya kukatia mitindo nikachora alama za viatu kwa chaki ya kushonea. Nimeandika namba pembeni. Karatasi hiyo ndani.

Utaona kwamba kwenye sifuri viatu vimeelekea kushoto kabisa, kama mtu anayetaka kuondoka. Moja na mbili vinapungua. Kwenye tatu tu ndipo vimeelekea bendera sawasawa, kama mtu aliyepanga foleni.

Na jingine, ambalo limenikaa rohoni. Mwaka wa pili huu, suruali zake nazirekebisha zaidi upande mmoja. Nilidhani ni mwendo wa uzee. Mkono wa kushoto, ule aliouangukia bafuni, haujapona wifi. Aliniambia umepona.

Fomu ya tatu inakuja kwenye gari hili hili. Nakuambia mapema, ni katikati tupu.

Wifi yako


Jumatatu, 25 Mei

Kaka,

Shikamoo, na hii ni shikamoo yenye magoti. Nilikosea. Nilikuita mwongo na ulikuwa umepiga. Nisamehe.

Nimeletewa karatasi. Usiulize na nani, karatasi ya kukatia mitindo inatoka nyumba moja tu tunayoijua wote. Nimeitandaza sakafuni nikaitazama hadi shingo ikauma. Kaka, pete inafanya kazi. Ila wewe unaifuta. Unautazama uso wa fimbo, macho yako yanauona umegeukia wapi, na mwili wako unaurekebisha kabla hujawaza. Ningemtafuta mpigaji mbovu ningemaliza siku ya kwanza. Nimemtafuta bora kuliko wote, na ubora wake ndio unaonizika.

Nilimpelekea Haitauzika karatasi ya viatu nikamweleza. Akasema kiwanda hakitengenezi viatu. Anataka fomu mpya, na kwa kuwa tatu za kwanza zimefanana mno, safari hii anataka katibu wa klabu yenu asimame hapo aone, kisha aweke sahihi.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Nimepaka rangi nyeusi juu ya kichwa cha fimbo, hutaweza kuusoma uso wake. Pete nimeivika kitambaa, na wifi ndiye atakayeizungusha wewe ukiwa umegeuza mgongo. Chora viatu viwili kwenye zulia vikielekea bendera, uweke miguu humo na usiitoe. Kisha piga. Mpira ukienda kwenye miba, uache uende.

Mdogo wako


Alhamisi, 28 Mei

Spana,

Marahaba. Nimekusamehe lile la kivulini. Hili la pili siwezi.

Unajua unachoniomba? Nisimame mbele ya katibu, saa za watu, nipige mipira kwenye miba kwa makusudi huku nikiwa nimefungwa miguu. Mimi hapa wananiita Mwalimu. Hakuna hata mmoja anayejua jina langu.

Nitakuandikia mara moja tu, na usinijibu kuhusu hili. Mkono haukupona. Kifundo hakigeuki mwishoni mwa pigo, kwa hiyo fimbo inafika kwenye mpira uso ukiwa umefungukia kulia, na mpira unakwenda huko huko. Kila mpira. Miezi ile ya kwanza nilikuwa nakuja uwanjani alfajiri kabla ya watu, nikajifunza upya kusimama. Nilijipinda mpaka mpira ukanyooka, nikajipinda mpaka nikasahau kuwa nimejipinda. Mgongo unauma, kiuno kinauma, lakini mpira uko katikati na hakuna aliyejua. Nilidhani hata nyumbani.

Nikiweka miguu kwenye viatu vyako vya kuchora, katibu ataona yote kwa mpira wa kwanza. Huyo mtu anatafuta sababu ya kuleta mwalimu kijana. Nimpe sababu themanini na sahihi yake chini?

Tafuta mtu mwingine. Fimbo iko kwenye boksi. Dereva amesema gari limejaa, italetwa Alhamisi ijayo.

Kaka yako


Jumatatu, 1 Juni

Kaka,

Umeniambia nisijibu kuhusu mkono. Unanijua mimi.

Mwaka juzi tulipokutana kwa mama, ulitaka kufungua mlango wa stoo. Uliuzungusha ufunguo kwa mkono wa kushoto, haukuzunguka. Ukatazama nyuma kama kuna mtu anakuona, ukabadilisha mkono, mlango ukafunguka. Kisha ukamwambia mama kitasa chake kimeshika kutu. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la vikombe. Mchana ule nilikipaka kitasa mafuta ili usiwe umesema uongo, na kilikuwa hakina kutu hata chembe.

Niliporudi kazini nilitupa michoro niliyokuwa nayo. Pete ilikuwa inaishia kwenye namba mbili. Namba ya tatu niliiongeza kwa ajili yako. Nilitaka ipite majaribio, itengenezwe, nikuletee imefungwa kwa karatasi ya zawadi, usijue kamwe kwamba nilikuona. Badala yake nikakutumia wewe mwenyewe uijaribu, halafu nikakutukana. Akili zangu hizo.

Sitakuomba tena upige. Mtu mwingine hayupo, nimewapigia simu wote ninaowajua, na mkutano ni Ijumaa. Nikirudi kwenye gundi nitarudi. Ila nina hasira na wewe, Kaka, na nitaisema. Miaka miwili umejipinda peke yako na una mdogo anayetengeneza fimbo!

Spana


Alhamisi, 4 Juni

Mdogo wangu,

Fomu hiyo. Isome kwanza, mimi nitasubiri.

Barua yako niliisoma Jumatatu jioni mbele ya wifi yako, kwa sauti, nikakwama kwenye kitasa. Akaimalizia yeye. Kisha akachukua chaki na viatu vyangu, hakuniuliza.

Jumanne saa nne. Katibu alikuja na kiti chake cha kukunja. Karani wa benki alikuwepo, na wengine kama wanane. Niliweka miguu kwenye michoro, nikajiona uchi. Wifi yako akazungusha, ikalia "ta," nikapiga. Mpira ukaenda kulia hatua ishirini na mbili, ukaingia miba. Nikapiga wa pili, miba. Wa tatu, miba. Jasho lilinitoka hadi mpini ukateleza. Mara mbili mguu wangu ulitaka kutoka kwenye mchoro, na mara zote mbili nilisikia wifi yako akikohoa.

Baada ya wa ishirini katibu aliuliza, "Mwalimu, leo unaumwa?" Nikamwambia, "Naumwa mwaka wa pili huu." Basi, lilitoka. Nilidhani nitaanguka, sikuanguka.

Mzunguko wa pili, hatua kumi na tano, kulia. Wa tatu, hatua nane. Wa nne wifi yako alizungusha, ikalia, nikapiga nikiwa nimekwisha kukata tamaa, sikutazama hata ulikoelekea. Nikasikia karani wa benki akisema, "Weee!" Nikainua kichwa. Mpira ulikuwa chini ya bendera. Nikapiga wa pili, bendera. Spana, sikufanya chochote. Sikujipinda, sikuusukuma, sikuuombea. Nilisimama kama nilivyokuwa nasimama zamani na mpira ukaenda. Nilipiga ishirini, na mgongo haukuuma, na wa mwisho nilishindwa kuuona vizuri, sababu unaijua.

Katibu aliweka sahihi. Jana akaniita ofisini. Darasa la wachezaji wakubwa ameninyang'anya, nimebakiwa na wanaoanza hadi daktari aone mkono. Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika, usinibembeleze. Ila siku hiyo hiyo watatu kati ya waliokuwa wamesimama pale walinifuata, mmoja mmoja, kwa kificho, kuniuliza wao wanafaa namba ngapi.

Wifi yako ameniambia mzunguko wa nne ulikuwa namba gani. Nilishajua.

Fimbo imo ndani ya boksi, kwa kuwa ni mali ya kiwanda. Naomba uiangalie vizuri.

Kaka yako


Jumatatu, 8 Juni

Kaka,

Shikamoo.

Haitauzika aliisoma fomu yako, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Ishirini na mbili, kumi na tano, nane, sifuri. Akavua miwani mwenyewe, haikumponyoka. Akasema, "Hatimaye mmepata mpigaji wa kawaida. Yule wa kwanza alikuwa tapeli." Nilishika ukingo wa meza. Nilitaka kumwambia kwamba ni mtu yule yule, kwamba hakuna mpigaji wa kawaida kwenye karatasi ile, kwamba hajui ameshika nini mkononi. Lakini tayari alikuwa anatia sahihi, nikameza. Neno hilo bado ninalo, na nadhani nitazeeka nalo.

Wataanza na fimbo mia mbili. Michoro haiendi kabatini wala mimi siendi kwenye gundi. Wale mafundi wa vigelegele leo wamenipigia vya kweli, nikawanunia hata hivyo.

Niliomba fimbo ya majaribio ibaki nje ya stoo. Stoo wanataka sababu iliyoandikwa, kwa hiyo nimeandika: "Majaribio ya muda mrefu." Kwenye nafasi ya jina la mpigaji nimeandika jina lako kamili, lile ambalo huko hakuna anayelijua, ili lisomeke hapa kila wakipekua faili.

Imo ndani ya boksi. Rangi nyeusi nimeifuta, kitambaa nimekitoa. Skrubu nimeikaza mwenyewe kwenye namba tatu, na imelia. Mwambie wifi arudishe suruali zako kama zilivyokuwa. Simama wima, Kaka.

Mdogo wako,
Spana